Mhuri Chini ya Buli

Ukitoka Ruiru kwenda Thika kwa barabara kuu iliyojengwa na kampuni za Kichina kati ya mwaka 2009 na 2012, msomaji, utaona udongo wa namna mbili. Upande wa machweo, kuelekea Gatundu, ni udongo mwekundu uzaao kahawa, na juu zaidi chai. Upande wa mawio, hasa karibu na Juja, ni udongo mweusi unaonata viatuni wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua kali. Watu wengi huutazama udongo huo kwa macho ya mkulima au ya mwashi. Mimi naomba uutazame leo kwa macho ya mfinyanzi, mtu ambaye vitabu vyetu vya historia vimempita pasipo kumwamkia.

Kilichonitia katika habari hizi ni buli moja. Mwalimu mwenzangu wa chuo cha ualimu alipewa buli hilo na jirani yake wa Ruiru, fundi Mchina wa barabara, siku fundi huyo alipofunga mizigo kurejea kwao. Ni dogo, laweza kukaa katika kiganja. Rangi yake ni hudhurungi iliyoingia uzambarau. Halina maua wala mng'aro. Tulipoliona mara ya kwanza tulilidharau. Chai yetu, kama ujuavyo, huchemshwa katika sufuria pamoja na maziwa, na wageni wanne wakiketi sebuleni, buli lile halingewatosha hata nusu kikombe kila mtu. Ndipo mwenye nalo alipoligeuza akatuonyesha mhuri mdogo wa mraba, uliogandamizwa udongo ulipokuwa bado mbichi. Ulikuwa jina la mfinyanzi.

Mabuli ya namna hiyo hutoka Yixing, katika jimbo la Jiangsu nchini Uchina, magharibi ya ziwa liitwalo Tai. Udongo wake huchimbwa kama mwamba, ukaachwa nje ulainike kwa jua na mvua, kisha ukasagwa. Wenyewe huuita zisha, maana yake mchanga wa zambarau. Buli bora la huko halifinyangwi kwa gurudumu. Fundi huuponda udongo kwa nyundo ya mti mpaka uwe bamba jembamba. Hulikunja bamba hilo likafanana na mkebe. Kisha huupigapiga ubavu kwa kibao, huku vidole vya mkono wa pili vikiuzuia kwa ndani, mpaka mkebe ukaviringika. Chombo hakipakwi dawa ya kukifanya king'ae kama kioo. Kwa sababu hiyo buli hunywa kidogo harufu ya chai kila litumiwapo, na mwenye kulipenda hulitilia aina moja tu ya chai maisha yake yote.

Wachina wenyewe husimulia kwamba fundi wa kwanza mwenye sifa alikuwa Gong Chun, kijana mtumishi aliyejifunza kazi kwa mtawa wa hekalu moja huku bwana wake akisomea mitihani. Hiyo ni hadithi, nawe ipokee kama hadithi. Lililo hakika ni kwamba buli la Yixing lilifukuliwa Nanjing katika kaburi la mwaka 1533. Na mnamo mwaka 1640 mtu mmoja jina lake Zhou Gaoqi aliandika kitabu kizima juu ya wafinyanzi wa Yixing, akiwataja kwa majina na kupima ustadi wa kila mmoja. Tafadhali kikumbuke kitabu hicho, maana tutakirudia.

Miaka mia na sitini hivi baadaye alitokea hakimu msomi, Chen Mansheng, aliyezaliwa 1768 akafa 1822. Alibuni maumbo ya mabuli na kuchora mashairi ubavuni mwake, lakini si yeye aliyefinyanga. Mengi yalifinyangwa na Yang Pengnian. Ukiligeuza buli la wawili hao, aghalabu chini yake utakuta mhuri wa msomi, na mhuri wa mfinyanzi utakuta umejificha chini ya mkono wa kushikia. Naona katika mihuri hiyo miwili habari nyingi za ulimwengu: mwenye cheo alipewa pahali papana, na mwenye kazi akapewa kipembe. Hata hivyo alipewa.

Kutoka hapo watu wakaanza kukusanya mabuli kwa majina, na penye majina yenye thamani hapakosi uwongo. Katika miaka ya 1930 wafanyabiashara wa Shanghai waliajiri mafundi hodari waige kazi za kale, mihuri na yote. Mmoja wao alikuwa kijana Gu Jingzhou, ambaye baadaye alikuja kuhesabiwa kuwa fundi mkuu wa karne yake. Buli alilolifinyanga mwaka 1948 liliuzwa mnadani Beijing mwaka 2010 kwa zaidi ya yuan milioni 12. Mkusanyaji mwenye akili, basi, hauamini mhuri peke yake. Hutazama jinsi kifuniko kinavyokaa na jinsi mdomo unavyomwaga, na huzijua tabia za mkono wa fundi kama unavyoujua wewe mwandiko wa rafiki yako.

Usidhani kwamba buli la Ruiru ni chombo cha kwanza cha Kichina kupendwa katika nchi hii. Waswahili wa pwani walipanga sahani na mabakuli ya Uchina katika zidaka za nyumba zao za mawe, na wakayapachika katika nguzo za makaburi, kama pale Mambrui. Vigae vya vyombo hivyo vilipatikana kwa wingi Gede, James Kirkman alipochimba huko tangu mwaka 1948. Aghalabu vilifika kwa mikono mingi, Wahindi na Waarabu wakiwa kati. Na kama sahani ya namna hiyo ina maandishi chini, mara nyingi ni jina la enzi ya mfalme, wala si la mtu aliyetia mikono yake matopeni.

Sasa turudi kwetu. Jomo Kenyatta, katika kitabu alichokitoa mwaka 1938, ameeleza kwamba kwa Wakikuyu ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake. Hawakuwa na gurudumu wala tanuri. Mfinyanzi alianza na mdomo na shingo ya chungu. Nusu hiyo ilipokauka kiasi, aliigeuza kichwa chini akajenga tumbo mpaka akaliziba. Vyungu vilichomwa uwanjani chini ya kuni na majani makavu. Wafinyanzi wa Ukambani, ng'ambo ya Kilimambogo, walikuwa na desturi nyingine tena: kila mwanamke alitia chomboni alama yake mwenyewe, mikato michache au vitone, kabla ya kukichoma.

Hapo ndipo nilipostuka. Nilikuwa nimezoea kuwaambia wanafunzi wangu kwamba Mchina alitia jina na mama zetu hawakutia. Hasha! Mama wa Ukambani alitia, na sokoni mnunuzi mwenye kuizoea alama aliitambua kazi yake. Tofauti ni Zhou Gaoqi. Yixing alipatikana mtu wa kuandika alama hii ni ya nani; kwetu msomaji wa alama alipokufa, alama ikabaki mikwaruzo tu.

Jina moja la kwetu limejulikana ulimwenguni. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda kusoma Uingereza, na mwaka 1974 akaenda Abuja, Nigeria, kujifunza kwa wafinyanzi wanawake, miongoni mwao Ladi Kwali. Vyombo vyake hujengwa kwa mkono pasipo gurudumu, husuguliwa mpaka vikateleza kama ngozi, na huchomwa vikawa vyekundu au vyeusi. British Museum inavyo. Ukikigeuza kimoja, huenda ukakuta jina Odundo limechorwa chini, na mwaka kando yake.

Nyumbani kwetu kuna chungu cha nyanya yangu, cheusi kwa moshi, chenye ufa ubavuni. Kilikuwa kikiwekewa maji ya kuku mpaka siku nilipotoka kulitazama buli lile. Nilikiosha, na karibu na shingo nikaona mikato mitatu mifupi na kitone kimoja. Nilimwuliza shangazi. Alikumbuka kwamba kilinunuliwa soko la Thika, kwa mama mmoja aliyevuka kutoka Ukambani na vyungu mgongoni. Alikumbuka kwamba mama huyo alikuwa mrefu, na kwamba nyanya hakukubali kununua kwa mwingine. Jina alilifikiri kwa muda mrefu, akitaja moja na kulikataa, kisha akanituma kwa jirani yake mzee kuliko yeye. Jirani huyo nilikuta amezikwa mwezi uliopita.