Sheria za Nairobi zinavyoamua fedha zinazofika Kegonga

Muuguzi wa hospitali ya kaunti ndogo mjini Kegonga, mwalimu wa chekechea katika eneo la Ntimaru na afisa wa kilimo anayewashauri wakulima wa mahindi wote wako chini ya Serikali ya Kaunti ya Migori. Hata hivyo, sehemu kubwa ya fedha ambazo kaunti hiyo hutumia kuwalipa haikusanywi Migori. Hutoka Nairobi, na haiwezi kutoka kabla ya Bunge kupitisha sheria maalumu kila mwaka.

Ndiyo sababu mvutano kati ya maseneta na wabunge, ambao kwa wengi huonekana kuwa siasa za mbali, huishia katika stoo ya dawa na kwenye barabara za mashambani huko Kuria Mashariki, eneo linalopakana na Tanzania na ambalo makao yake makuu ni Kegonga.

KINGA YA KATIBA

Kabla ya Katiba ya 2010, mabaraza ya miji na ya wilaya yalitegemea Hazina ya LATF iliyoundwa kwa sheria ya 1998. Hazina hiyo ilitengewa asilimia 5 ya kodi ya mapato. Kwa kuwa msingi wake ulikuwa sheria ya kawaida, Bunge lingeweza kuupunguza au kuufuta wakati wowote.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ilibadilisha hali hiyo. Kifungu cha 203 kinasema kaunti zote 47 zitapata kwa pamoja kiasi kisichopungua asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa. Kifungu cha 219 kinaagiza mgao wa kila kaunti upelekwe bila kucheleweshwa isivyofaa.

Kinga hiyo ina mipaka yake. Asilimia 15 haipigwi kwa mapato ya mwaka unaoendelea, bali kwa hesabu za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Ikiwa wabunge watachelewa kuidhinisha ripoti za ukaguzi, kaunti hupimiwa kwa mapato ya miaka iliyopita, ambayo kwa kawaida ni madogo kuliko ya sasa. Kwa hivyo, asilimia inayotajwa hadharani yaweza kuonekana kubwa kuliko hali halisi.

SHERIA MBILI KILA MWAKA

Kifungu cha 218 kinataka miswada miwili iwasilishwe bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa kifedha kumalizika Juni 30. Wa kwanza ni Mswada wa Ugavi wa Mapato, ambao hugawanya fedha kati ya serikali ya kitaifa na kaunti kwa jumla. Wa pili ni Mswada wa Mgao wa Mapato ya Kaunti, ambao hutaja kiasi cha kila kaunti.

Mabunge yote mawili hushiriki. Yasipokubaliana, mswada hupelekwa kwa kamati ya upatanishi yenye wanachama kutoka pande zote mbili.

Utaratibu huo ulijaribiwa mapema. Mwaka 2013, Seneti ilitaka kaunti zipewe Sh258 bilioni badala ya Sh210 bilioni zilizopendekezwa na Bunge la Kitaifa. Mswada ulipelekwa kwa Rais Uhuru Kenyatta bila mabadiliko ya maseneta, naye akautia saini. Seneti ilikwenda katika Mahakama ya Juu, ambayo mnamo Novemba 1, 2013 ilitoa ushauri kwamba mswada huo unahusu kaunti na Seneti haikupaswa kurukwa.

Uamuzi huo uliipa Seneti sauti, lakini haukumaliza mvutano. Mwaka 2019, wabunge na maseneta walivutana hadi Septemba, miezi miwili baada ya mwaka mpya wa kifedha kuanza, ndipo wakakubaliana kuhusu Sh316.5 bilioni. Mwaka 2020 ubishi ulihamia ndani ya Seneti yenyewe, pale maseneta waliposhindwa mara kadhaa kukubaliana jinsi ya kugawanya fedha kati ya kaunti, hadi walipoafikiana Septemba 17.

KODI IKIANGUKA, KAUNTI HUUMIA

Mwaka 2024 ulionyesha kuwa hata sheria isiyotaja kaunti inaweza kuzipunguzia fedha. Sheria ya Ugavi wa Mapato ya mwaka huo ilikuwa imezitengea Sh400.1 bilioni. Baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alikataa kutia saini Mswada wa Fedha mnamo Juni 26, na serikali ikapoteza kodi ilizokuwa imetarajia.

Ilibidi sheria ya ugavi irekebishwe. Bunge la Kitaifa lilitaka kaunti zipewe Sh380 bilioni huku Seneti ikishikilia Sh400.1 bilioni. Upatanishi ulifikia Sh387.4 bilioni. Kufikia wakati huo nusu ya kwanza ya mwaka wa kifedha ilikuwa ikimalizika, na kaunti zilikuwa zimepanga bajeti kwa kutegemea kiasi kikubwa zaidi. Katika mwaka wa 2025/26, mabunge hayo yalikubaliana kuhusu Sh415 bilioni.

Kwa jumla, mgao huo umepanda kutoka Sh190 bilioni mwaka wa 2013/14. Lakini nyongeza haiji kila mwaka. Kaunti zilipewa Sh370 bilioni mwaka wa 2021/22 na kiasi hicho hicho mwaka uliofuata, ilhali bei ya mafuta na bidhaa nyingine ilikuwa ikipanda. Fedha zisizoongezeka wakati bei zinapanda ni sawa na fedha zilizopunguzwa.

MIGORI NA HOMA BAY

Jinsi fedha zinavyogawanywa kati ya kaunti huamuliwa na Seneti kila baada ya miaka mitano, kufuatia mapendekezo ya Tume ya Ugavi wa Mapato. Mfumo wa tatu, ulioanza kutumika 2021/22, ulizingatia vigezo vinane: mgao wa msingi uliolingana kwa kila kaunti (asilimia 20), idadi ya watu (18), afya (17), umaskini (14), kilimo (10), ukubwa wa ardhi (8), barabara za mashambani (8) na huduma za miji (5).

Chini ya mfumo huo, mgao wa Migori ulipanda kutoka takriban Sh6.77 bilioni mwaka wa 2020/21 hadi Sh8 bilioni. Ule wa jirani yake, Homa Bay, ulipanda kutoka Sh6.74 bilioni hadi Sh7.8 bilioni. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,131,950 katika Homa Bay na 1,116,436 katika Migori. Kaunti yenye watu wengi zaidi ndiyo iliyopata fedha kidogo, kwani idadi ya watu ni kigezo kimoja tu kati ya vingi. Mwaka 2025, Seneti iliidhinisha mfumo wa nne, utakaotumika hadi 2029/30.

Jambo moja halimo katika mifumo hiyo: haisemi Kegonga itapata kiasi gani. Fedha zikishafika Migori, mgao wa kila wadi huamuliwa na gavana na bunge la kaunti.

FEDHA ZENYE MASHARTI

Mbali na mgao wa usawa, kaunti hupokea fedha za ziada zenye masharti kutoka kwa serikali ya kitaifa na wafadhili. Kufuatia uamuzi wa Mahakama Kuu wa 2020, fedha hizo huhitaji sheria yake peke yake. Hilo limeongeza mlango mwingine wa kuchelewa. Katika mwaka wa 2024/25, mswada wa fedha za ziada ulikwama kutokana na ubishi kuhusu Sh10.5 bilioni za ushuru wa ukarabati wa barabara, ambazo magavana walidai na wabunge wakapinga.

Si kila sheria ya Bunge huzibana kaunti. Zamani, ada zilizolipwa na wagonjwa zilipaswa kuingia katika hazina ya kaunti kabla ya kurudi hospitalini, jambo lililochukua muda. Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya, iliyotiwa saini Oktoba 2023, inaruhusu hospitali za umma kubaki na fedha zinazokusanya na kuzitumia papo hapo. Kwa kituo kilicho mbali na makao makuu ya kaunti, tofauti hiyo si ndogo.

MILANGO YA MWISHO

Hata baada ya Bunge kumaliza kazi yake, fedha hazitumiki ovyo. Hazina ya Kitaifa huzipeleka katika akaunti ya kaunti iliyoko Benki Kuu, bunge la kaunti hupitisha sheria ya matumizi, kisha Msimamizi wa Bajeti huidhinisha kila zinapotolewa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, huku kanuni za 2015 zikiweka kikomo cha asilimia 35 ya mapato kwa mishahara.

Sheria hiyo pia imeweka kalenda ambayo mkazi wa Kegonga anaweza kuifuata. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mkakati wa kifedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Katika kila hatua, kaunti inalazimika kusikiliza maoni ya umma.

Mwananchi hawezi kuamua ni lini maseneta na wabunge watapatana. Anachoweza ni kuuliza maswali mawili tofauti dawa zinapokosekana: je, fedha zilichelewa Nairobi, au zilifika Migori zikaelekezwa kwingine? Jibu la kwanza ni la seneta na mbunge. La pili ni la gavana na diwani.