Kuziba kwa Utumbo kwa Wajawazito na Nafasi ya Kipimo cha MRI

Utumbo unapoziba, chakula, majimaji na hewa hushindwa kupita, na sehemu iliyo juu ya kizuizi hutanuka. Mgonjwa hupata maumivu ya tumbo yanayokuja na kupoa, hutapika, tumbo hujaa, na hushindwa kupata choo au kutoa hewa. Visababishi ni pamoja na makovu ya ndani yanayobaki baada ya upasuaji, ngiri, uvimbe na utumbo kujisokota.

Kwa wagonjwa wengi, madaktari hutumia eksirei au CT, vipimo vya haraka vinavyotumia mionzi. Kwa mjamzito hali ni ngumu zaidi. Kutapika na kuumwa tumbo huchukuliwa kuwa mambo ya kawaida ya ujauzito, mji wa mimba uliokua huficha tumbo lililojaa, na hofu ya mionzi humfanya mgonjwa, wakati mwingine hata mhudumu, aahirishe kipimo. Hatari iko katika saa hizo zinazopotea: utumbo uliojisokota hukosa damu, hufa na hatimaye hutoboka, na maisha ya mama na mtoto huwa shakani.

Hapo ndipo MRI ina manufaa yake, kwani hutumia sumaku na mawimbi ya redio badala ya mionzi. Mashine nyingi za hospitali zina sumaku ya Tesla 1.5, takriban mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia. Picha za tumbo hupigwa upesi, kila moja kwa takriban sekunde moja, mgonjwa akiwa amezuia pumzi, ili mwendo wa utumbo usizivuruge. Majimaji yaliyokwama hung'aa meupe pichani, hivyo si lazima mgonjwa anyweshwe dawa ya kuonesha utumbo. Daktari huufuata utumbo uliotanuka hadi pale unapokuwa mwembamba ghafla, na hapo ndipo penye kizuizi. Dawa ya gadolini, inayodungwa katika baadhi ya vipimo vya MRI, kwa kawaida huepukwa wakati wa ujauzito.

Hata hivyo, MRI huchukua muda mrefu kuliko CT, na hewa iliyovuja kutoka kwenye utumbo uliotoboka huonekana vizuri zaidi kwa CT. Mashine zenyewe ni chache, nazo zipo zaidi katika hospitali kubwa kama Hospitali ya Taifa Muhimbili. MRI isipopatikana kwa wakati, mjamzito anayehitaji CT hapaswi kunyimwa. Mionzi ya kipimo kimoja kwa kawaida iko chini ya kiwango kinachohusishwa na madhara kwa mtoto aliye tumboni. Aidha, mgonjwa mwenye dalili za wazi za utumbo kufa hasubirishwi kwa ajili ya MRI, bali huandaliwa kwa upasuaji.

Mjamzito anayetapika mfululizo bila kupata choo wala kutoa hewa anashauriwa kufika hospitali siku hiyo hiyo. Amweleze daktari iwapo aliwahi kupasuliwa tumbo, ikiwemo upasuaji wa kujifungua, na kabla ya kuingia kwenye chumba cha MRI ataje chuma au kifaa chochote kilichomo mwilini mwake.