Bati la Githurai, Viwanda vya Thika

Katikati ya mji wa Thika kuna barabara inayoitwa Kwame Nkrumah, kwa jina la rais wa kwanza wa Ghana. Watu huipita kila siku wakienda benki, dukani au kupanda matatu, na Ghana nzima kwao imebaki kuwa jina kwenye kibao. Zimbabwe nayo ipo karibu, ila yenyewe haina kibao. Panda matatu ya kwenda Nairobi, pita Juja na Ruiru, shuka Githurai baada ya kama kilomita 30, mahali ambapo mpaka wa Kaunti ya Kiambu na Nairobi unapita katikati ya vibanda vya nyanya na mitumba. Uliza wanakokaa Washona na utaelekezwa. Ni watu waliotoka iliyokuwa Rhodesia Kusini, Zimbabwe ya leo, wamekuwa majirani zetu kwa zaidi ya miaka 60, na wengi wetu tuliwajua kwa kazi ya mikono yao kabla hatujajua wanaitwaje.

Mimi niliwajua kwa sanduku. Nilipoitwa kidato cha kwanza, barua ya shule ilisema kila mwanafunzi aje na sanduku la bati lenye kufuli, na mama akanipeleka Githurai. Nakumbuka nilivyosimama nikimtazama fundi. Alikata karatasi ya bati kwa mkasi mkubwa, akaiegemeza kwenye reli ya chuma, akaanza kuikunja ukingo kwa nyundo ya mbao, taratibu, pigo moja juu ya jingine, mpaka ukingo mkali unaokata vidole ukajiviringa na kuwa mdomo laini. Pembe akazifunga kwa ribiti. Mwisho mama alilipa kidogo zaidi, jina langu likaandikwa kwenye kifuniko kwa rangi nyeupe.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojifunza kwamba mafundi kama yeye hawakuwa na jina lao kwenye karatasi yoyote ya Kenya. Tangu hapo sijaweza kuipita barabara ya Thika bila kufanya hesabu. Ncha hii ya barabara, kule Thika, wapo Wakenya wenye asili ya Kihindi, wageni wa zamani ambao mji huo hauwezi kuelezwa bila kuwataja. Ncha ile, Githurai, wapo Washona. Wote walifika na ujuzi, wote walishikana kwa dini na undugu, wote walipendelea kujiajiri. Kwa nini wengine waliishia kumiliki viwanda, na wengine wakabaki na nyundo ya mbao?

Tuanze na Thika. Reli kutoka Nairobi ilifika huko 1913. Ardhi yote nzuri iliyouzunguka mji ilikuwa imetengewa walowezi Wazungu, wakapanda kahawa na mkonge. Wahindi walizuiwa kumiliki mashamba katika eneo hilo lililoitwa Nyanda za Juu za Wazungu. Msimamo huo ulitolewa na serikali ya Uingereza 1908, na malalamiko yote ya miaka ya 1920 hayakuuondoa. Walichoruhusiwa ni ploti ndani ya mipaka ya mji. Hapo ndipo pa kusimama kidogo, kwa sababu ubaguzi huo uliowafungia shamba uliwaachia kitu kimoja chenye thamani kubwa: hati ya ploti. Hati ni dhamana, na mwenye dhamana hukopeshwa.

Si kwamba walianza na utajiri. Kati ya 1896 na 1901 vibarua kama 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli ya Uganda. Karibu 2,500 walifia kazini, wengi wa waliosalia wakarudi kwao, na elfu sita na kitu wakabaki. Wenye maduka wengi walikuja kwa njia nyingine, kwa nauli yao. Waoshwal, ambao majina yao yamejaa katika historia ya biashara ya Thika na Nyeri, walikuwa wakulima wa vijiji vya karibu na Jamnagar, Gujarat, mahali palipokumbwa na njaa kali ya 1899 na 1900. Kijana alifika akiwa hana kitu, akalala dukani kwa mjomba, akafanya kazi miaka kadhaa, kisha mjomba akampa bidhaa kwa mkopo akafungue duka lake mji wa mbele. Mkopo huo haukuandikwa benki. Uliandikwa kwenye daftari la ukoo, na aliyeukiuka alijua kwamba binti zake hawatapata waume.

Duka likazaa ghala, na ghala likazaa kiwanda. Mwaka 1948 kilianza kiwanda cha kusindika matunda cha Kenya Canners, ambacho baadaye kilikuja kuwa Del Monte. Hicho kilikuwa mtaji wa Wazungu. Lakini kiwanda cha nguo cha Thika Cloth Mills, cha 1958, kilitokana na familia za wafanyabiashara Wahindi. Mwaka 1991 Bidco, iliyoanzishwa na Bhimji Depar Shah aliyekuwa na biashara zake Nyeri, ilifungua Thika mtambo wa mafuta ya kupikia, na tangu hapo harufu ya mafuta imekuwa sehemu ya hewa ya mji. Hata jina la utani la Thika, Birmingham ya Kenya, limeshikamana na mabomba ya moshi ya viwanda kama hivyo.

Sasa turudi Githurai, na kwa Washona tunapaswa kwenda mbali zaidi, hadi wilaya ya Makoni karibu na Rusape, Rhodesia Kusini. Huko alizaliwa Shoniwa Masedza, ambaye mwaka 1932 alisema amepata maono, akajiita Johane Masowe, yaani Yohana wa Nyikani. Wafuasi wake walivaa kanzu nyeupe, wakashika Sabato, na wakafundishwa jambo lililokuwa la hatari katika koloni lililotegemea vibarua: usiajiriwe na Mzungu, jitengenezee mkono wako. Polisi hawakuwaacha. Katika miaka ya 1940 kundi kubwa lilikuwa limehamia Korsten, mtaa wa Port Elizabeth huko Afrika Kusini, ambako walisuka vikapu, wakatengeneza samani na vyombo vya bati, wakaishi kwa mfuko mmoja. Wenyeji waliwaita wasusi wa vikapu wa Korsten. Mwaka 1962 serikali ya makaburu iliwafukuza. Wengi walikwenda Lusaka, na macho yao yakabaki kaskazini, kwa kuwa safari yenyewe walidhamiria ifike Yerusalemu.

Kenya walianza kuingia mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kama wamisionari wa kanisa lao. Wakati huo haikuwapo nchi iitwayo Zimbabwe, ilizaliwa 1980. Waliingia wakiwa raia wa himaya ya Uingereza, wakitoka koloni moja kwenda jingine, na karatasi zao zilikuwa halali kabisa. Nairobi ikawa makao makuu ya kanisa mwaka 1972. Mwaka uliofuata Masowe alifariki Ndola, Zambia, akazikwa kwao Gandanzara, na msafara wa Yerusalemu ukatua jumla katika vitongoji vyetu: Githurai, Kinoo, Kiambaa, Gitaru.

Kenya ilipojitawala, sheria iliwapa wakazi wa aina hii miaka miwili, hadi Desemba 12, 1965, kuomba kuandikishwa kuwa raia. Wahindi wa Thika na wa miji mingine waliulizana usiku na mchana juu ya tarehe hiyo. Ndugu waligawanyika: mmoja akachukua uraia wa Kenya, mwingine akabaki na pasipoti ya Uingereza. Mwaka 1967 zikaja sheria za leseni za biashara na za uhamiaji, na wasio raia wakaona milango ikifungwa. Mapema 1968 ndege zilijaa watu waliokuwa wakikimbilia London kabla Uingereza nayo haijafunga mlango wake mwezi Machi. Yalikuwa machungu, na haifai kuyapuuza. Lakini tazama kilichobaki nyuma: yule ndugu aliyechukua uraia. Leseni iliandikwa kwa jina lake, ploti ikahamia kwake, duka likaendelea kufunguliwa asubuhi.

Washona wengi hawakuandikishwa. Walikuwa wamisionari wenye safari mbele yao, wasio na mawakili wala vyama vya wafanyabiashara vya kuwakumbusha tarehe. Siku ikapita. Rhodesia Kusini ikafutika kwenye ramani, ikaja Zimbabwe ambayo watoto waliozaliwa Githurai hawakuwahi kuiona. Hawakuwa wakimbizi, maana hawakukimbia vita. Mkimbizi walau hupewa kadi. Hawakuwa raia wa kokote.

Ukitaka kujua karatasi ina thamani gani, ishi bila hiyo. Bila kitambulisho hakuna akaunti ya benki. Hakuna leseni kwa jina lako, hakuna cheti cha kodi, hakuna zabuni. Hakuna hati ya shamba, kwa hiyo ploti inanunuliwa kwa jina la rafiki Mkenya, na siku rafiki akifa unabaki kwenye huruma ya warithi wake. M-Pesa ilipokuja mwaka 2007, jambo lililowainua mafundi wa jua kali nchi nzima, fundi Mshona alilazimika kuomba laini iliyosajiliwa kwa jina la jirani, na pesa za kazi yake zikapitia mkononi mwa mtu mwingine. Mtoto bila cheti cha kuzaliwa alisumbuka kusajiliwa mtihani wa taifa, akaishia kurudi kwenye karakana ya baba. Msako wa polisi ukipita, mtu alijificha ndani ya mtaa aliozaliwa.

Hapo ndipo hesabu yangu inapoangukia. Nimesikia mara nyingi, hata kwa watu wenye busara, kwamba Mhindi alifanikiwa kwa sababu ana biashara damuni. Washona wanaupinga usemi huo kwa maisha yao. Walikuwa na kila tunachowasifia Wahindi: kushikamana, kuweka akiba, kufundisha ujuzi kutoka mzazi hadi mtoto, kukataa ulevi na anasa. Walikuwa hata na mfuko wa pamoja. Kilichokosekana ni njia ya kugeuza jasho la leo kuwa mtaji wa kesho. Faida ya masanduku mia haikuweza kukaa benki, haikuweza kununua ploti yenye hati, na ploti isiyo na hati haikuweza kukopewa pesa za mashine ya kukunja bati. Kwa hiyo kila kizazi kilianza pale baba alipoanzia.

Ghana yenyewe inalijua jambo hili kwa pande zote mbili, na huenda ndiyo sababu kibao kile cha Thika hunigusa. Novemba 1969 serikali ya Kofi Busia iliwapa wageni wasio na kibali cha ukaazi wiki mbili kuondoka, na wafanyabiashara wa Kinigeria waliokaa huko miongo mingi wakaacha maduka yao. Januari 1983 ikawa zamu ya Nigeria, ikafukuza Waghana kwa mamia ya maelfu. Mifuko ya plastiki yenye mirabaraba waliyobebea vitu ikabatizwa jina la uchungu huo. Kazi za miaka mingi ziliondoka kwa wiki chache, kwa sababu ya kibali.

Mambo yalianza kubadilika hapa kwetu polepole. Sheria ya uraia ya 2011 ilitambua watu wasio na utaifa waliokuwapo tangu uhuru, ikaweka dirisha la miaka mitano, kisha likaongezwa hadi 2019. Wamakonde wa Kwale, waliokuja kutoka Msumbiji kukata mkonge, walifunga safari ya kwenda Ikulu Oktoba 2016, wakapata vitambulisho na kutambuliwa kuwa kabila la 43. Wakenya wenye asili ya Kihindi wakatangazwa kabila la 44 Julai 2017. Washona walikuwa bado wanazungusha majina yao ofisini. Mwaka 2019 watoto wao walianza kupewa vyeti vya kuzaliwa. Siku ya Jamhuri, Desemba 12, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba Washona 1,670, pamoja na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda, watakuwa raia. Julai 2021 wakakabidhiwa vyeti. Baadhi ya wazee waliovipokea waliingia nchi hii wakiwa vijana; wenzao wengi walikuwa wameshazikwa bila karatasi.

Thika Road ya njia nyingi ilikamilika 2012, na mashamba ya kahawa ya Ruiru yamekuwa yakikatwa ploti tangu kabla ya hapo. Ardhi ambayo fundi wa bati angeweza kuinunua kwa akiba yake miaka ya 1970, laiti angeruhusiwa kuandika jina lake, leo mjukuu wake mwenye kitambulisho kipya hawezi hata kuiulizia bei. Wanafunzi wengi sasa wanakwenda shule na masanduku ya kiwandani, mengine ya plastiki. Uraia umefika wakati bei ya ujuzi wa babu inashuka na bei ya ardhi inapanda.

Sanduku langu bado lipo nyumbani kwa mama. Anawekea mablanketi. Kutu imeshika upande mmoja wa chini, lakini mdomo ule uliokunjwa kwa nyundo ya mbao haujafunguka popote, na jina langu linasomeka.