Mtakatifu Agustino, mwalimu wa vijana na wa wakatekumeni

Walimu wengi hulalamika juu ya wanafunzi wao: ni wazito, hawasikii, wanasinzia. Tuangalie basi mwalimu mmoja wa Afrika aliyeuliza neno lingine: na mwalimu mwenyewe, roho yake ikoje anapofundisha?

Agustino alizaliwa mwaka wa 354 kule Thagaste, mji unaoitwa leo Souk Ahras, katika inchi ya Algeria. Katika masomo ya utoto alipigwa fimbo, akachukia lugha ya Kigriki. Lakini Kilatini alikuwa amekishika bila fimbo, kwa wale waliomlea na kucheka naye. Hata alipokuwa Askofu hakusahau neno hilo.

Kisha akawa mwalimu wa ufasaha kule Karthago. Vijana wa mji ule walikuwa wakali. Waliingia kwa nguvu katika masomo yasiyo yao na kuvuruga kila kitu. Lakini kati ya wanafunzi wake alikuwamo Alipio, kijana aliyependa mno michezo ya uwanjani. Siku moja Agustino, akieleza somo, alichukua mfano wa michezo ile, akawacheka wenye kuipenda. Hakumfikiri Alipio hata kidogo. Alipio lakini alidhani neno lasemwa kwa ajili yake. Hakukasirika, akaiacha michezo. Mfano uliotoka katika maisha ya wanafunzi ulimfikia kijana ndani ya moyo wake.

Agustino alibatizwa mwaka wa 387, akapata upadri kule Hippo mwaka wa 391. Karibu na mwaka wa 400, Deogratias, diakono wa Karthago, alimletea huzuni yake: alipowafundisha watu waliotaka kuwa Wakristu, maneno yake yalimchosha yeye mwenyewe. Agustino akamjibu kwa kitabu kizima, De catechizandis rudibus.

Anamfundisha nini? Kwanza, mwalimu afundishe kwa furaha. Tukichoka kurudia mafundisho ya watoto, tuwapende kama ndugu, kama baba, kama mama. Ndipo mambo ya zamani yatakuwa mapya kwetu pia, sawa vile mtu anayemwonyesha mgeni mji wake huanza tena kuona uzuri aliokuwa akiupita kila siku. Pili, tumwulize msikilizaji: amekuja juu ya nini? Amesoma vitabu gani? Msomi asirudishiwe yote anayoyajua. Naye mwenye kujivunia ufasaha afundishwe asimcheke mhudumu wa Kanisa akikosea lugha. Tatu, msikilizaji akichoka, tusimkasirikie: tumpe kiti, tumwamshe kwa neno la kuchekesha linalofaa, tufupishe maneno. Ndiyo sababu Agustino aliweka katika kitabu mifano miwili ya mafundisho, mmoja mrefu, mmoja mfupi.

Neno hili latugusa sana sisi tunaofundisha. Mtu anayekuja mara ya kwanza kuuliza habari za dini, akitoka amechoka na kuaibishwa, labda hatarudi tena. Basi, seminarista anayejitengeneza kwa kazi hii, na katekista katika kijiji chake, watayarishe somo. Lakini kabla ya kufungua kinywa wawatazame wale walioketi mbele yao. Upendo ni mmoja kwa wote, lakini dawa si moja kwa wagonjwa wote.