Mkuu wa Polisi wa Jumapili Usiku

Usiku umeingia. Mtu mzima mwenye mabega mapana anavuka kidaraja cha mbao kuelekea nyumba iliyo ukingoni mwa maji. Anavua koti, anamimina wiski kwenye bilauri, anakaa. Mbwa wake anamtazama, kisha anajilaza huku kakata tamaa. Simu inalia: ni mtalaka wake, anapiga kutoka pwani ya pili ya Marekani. Wanaongea maneno machache, na ukimya ni mwingi kuliko maneno. Hakuna risasi wala magari yanayofukuzana.

Ndivyo watazamaji wa kituo cha CBS walivyomjua Jesse Stone, mkuu wa polisi wa mji mdogo wa Paradise, kuanzia Jumapili ya tarehe 20 Februari 2005. Filamu hiyo iliitwa Stone Cold, na mwigizaji alikuwa Tom Selleck. Hadi mwaka 2015 zilikuwa zimetoka filamu tisa. Nane ziliongozwa na mtu mmoja, Robert Harmon, na muziki wa piano wa huzuni wa filamu hizo ulitungwa na Jeff Beal. Wengi husifu uigizaji, na wana haki. Lakini utulivu ule una asili yake, nayo ni kazi iliyokuwa na miaka arobaini kabla Stone hajafika kwenye televisheni: kutengeneza filamu kwa ajili ya televisheni peke yake.

Kazi hiyo ilianza kwa hesabu za fedha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vituo vikubwa vya Marekani vilijaza usiku wao kwa filamu za sinema zilizokodiwa Hollywood, na bei ya kuzikodi ikawa inapanda. NBC na kampuni ya Universal wakaamua kutengeneza za kwao. Tarehe 7 Oktoba 1964 ikaonyeshwa See How They Run, inayohesabiwa kuwa ya kwanza. Mwaka 1968 Peter Falk akaingia na koti lake la mvua kama mpelelezi Columbo. Mwaka uliofuata ABC ilianzisha filamu ya kila wiki, na humo ndimo kijana wa miaka 24 aitwaye Steven Spielberg alimopewa lori moja, barabara ya jangwani na muda usiofika wiki mbili za kupiga picha. Alirudi na Duel, iliyorushwa Novemba 1971.

Filamu za namna hiyo zilikuwa na sheria zake. Nafasi ya saa mbili, ukitoa matangazo ya biashara, humwachia mwandishi kama dakika tisini. Lazima kila kipande kiishie pale mtazamaji atakapokubali kusubiri tangazo la sabuni lipite. Kisha kuna kalenda. Idadi ya watazamaji, ambayo ndiyo iliyopanga bei ya matangazo, ilipimwa kwa makini zaidi katika miezi michache, Februari, Mei na Novemba ikiwa ndiyo mikuu, na vituo viliweka akiba bidhaa bora kwa miezi hiyo. Tazama tarehe za Stone: 22 Mei 2007, 9 Mei 2010, 22 Mei 2011, 20 Mei 2012. Hata siku ni ileile: ukiondoa Sea Change ya mwaka 2007, iliyoangukia Jumanne, nyingine zote nane zilionyeshwa Jumapili.

Stone mwenyewe alitoka kitabuni. Robert B. Parker, aliyeandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu waandishi wa riwaya za upelelezi Hammett, Chandler na Ross Macdonald, alikuwa ameshapata jina kwa mpelelezi wa Boston aitwaye Spenser alipochapisha Night Passage mwaka 1997. Humo Jesse ni kijana wa miaka thelathini na kitu. Aliwahi kucheza besiboli, bega likaumia, ndoto ikafa. Akawa mpelelezi wa mauaji Los Angeles, ndoa ikavunjika, pombe ikamfukuzisha kazi. Selleck alipoonekana mara ya kwanza kama mtu huyu alikuwa ametimiza miaka 60 wiki chache tu kabla. Badiliko hilo la umri, kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, ndilo lililoziokoa filamu hizi. Kijana mlevi anaweza kujirekebisha kesho. Mlevi wa miaka 60 anajua kwamba kesho zimebaki chache, na kila bilauri anayoimimina ina uzito mwingine.

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea kuona OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, akiletwa na kuhamishwa na makao makuu ya polisi anahitaji kujua jambo moja. Marekani haina jeshi moja la polisi. Miji mingi huajiri polisi wao wenyewe, na karibu nusu ya idara hizo za miji na vijiji zina askari wasiofika kumi. Mkuu wao huajiriwa na viongozi wa mji, na hao hao wanaweza kumfukuza. Katika jimbo la Massachusetts kuna kizuizi kingine: mauaji, isipokuwa katika miji michache mikubwa kama Boston, huchunguzwa na wapelelezi wa polisi wa jimbo. Ndiyo maana Kapteni Healy wa polisi wa jimbo haishi kutokea katika hadithi hizi.

Parker aliujengea udhaifu huo wa mkuu wa polisi njama nzima. Wakubwa wa Paradise wanamhoji Jesse akiwa amelewa, wanaona kabisa kwamba amelewa, na wanamwajiri kwa sababu hiyohiyo. Wanataka mtu wa kuburuzwa. Hasty Hathaway, kiongozi wao mchangamfu, anatakatisha fedha za wahalifu. Kikulacho ki nguoni mwako, na Jesse anagundua kwamba nguo yenyewe ndiyo iliyompa ajira. Baadaye halmashauri inamsimamisha kazi, naye anaendelea kupeleleza bila ofisi. Pembeni yake, katika filamu za mwanzo, yuko askari Molly Crane, aliyeigizwa na Viola Davis miaka mingi kabla ya Oscar yake ya 2017. Akiinua tu nyusi, mkuu wake anajua amekosea.

Paradise haipo kwenye ramani. Parker aliiweka kaskazini mwa Boston, lakini kamera zilikwenda Kanada, jimbo la Nova Scotia, ambako nafuu ya kodi ilipunguza gharama. Halifax na Lunenburg ndizo zilizovaa sura ya Massachusetts. Lunenburg ni mji wa wavuvi ulioanzishwa mwaka 1753, wenye nyumba za mbao za rangi kali, na tangu 1995 uko katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ukungu unaouona ukipanda kutoka baharini ni wa huko. Mwaka 2015 serikali ya jimbo ilipoifuta nafuu hiyo, watu wa filamu walifurika nje ya bunge lao Halifax kuipinga.

Kazi yenyewe ya filamu za televisheni ilikuwa imeanza kuzimika kabla ya hapo. CBS iliifunga filamu yake ya Jumapili mwaka 2006. Mashindano na vipindi vya maisha halisi vilikuwa rahisi zaidi kutengeneza. Stone alibaki kama mgeni wa karibu mara moja kwa mwaka. Parker alifariki mezani pake akiandika, Januari 2010. Baada ya Benefit of the Doubt ya 2012, CBS haikuagiza nyingine, na filamu ya tisa, Lost in Paradise, ilibidi iende kwenye chaneli ya Hallmark Movies & Mysteries tarehe 18 Oktoba 2015. Ya kumi haijatoka.

Anayetaka kuzitazama aanze na filamu ya Night Passage. Ilitoka ya pili, Januari 2006, lakini ndiyo inayosimulia safari ya kutoka Los Angeles na usaili ule wa kilevi. Kisha ndipo aifuate Stone Cold.