Mikahawa ya London: Mgeni Aliingia Mlango Gani?

Siku moja darasani tuliwaomba wanafunzi wetu watupe maana ya neno mkahawa. Walijibu kwa sauti moja kwamba ni mahali pa kula wali, chapati na maharagwe. Hakuna hata mmoja aliyetaja kahawa. Hawakukosea, kwa sababu ndivyo neno linavyotumika siku hizi, na wengi hulitamka mgahawa, hata ukoo wake na kahawa ukazidi kufichika. Lakini mwalimu wa lugha hawezi kuridhika pale neno linapomsahau mzazi wake. Mkahawa ni nyumba ya kahawa: mahali ambapo mtu hunywa kikombe kimoja, husikia habari za mji, na hukaa muda mrefu kuliko kikombe chenyewe kinavyohitaji. Katika makala haya tunakusudia kuitazama mikahawa ya jiji moja kubwa, yaani London ya kale, kwa maana hiyo ya asili, na kuuliza swali ambalo kila mgeni wa jiji hujiuliza: katika milango mingi namna hii, niingie upi?

Huenda msomaji akashangaa kwa nini twende mbali hivyo, hali sisi hapa Uganda tumezungukwa na mibuni. Ni kweli kwamba kahawa si ngeni kwetu. Katika Buganda buni zilitafunwa zamani sana kabla hazijawa zao la kuuza, na watu wawili waliochanjiana udugu walikula mbegu mbili za tunda moja la kahawa. Kule pwani nako, muuza kahawa hupita na dele lake akigonganisha vikombe, na watu wakakusanyika barazani. Basi jambo la kukaa na kuzungumza juu ya kahawa hatukufunzwa na Wazungu. Tunachotaka kukitazama ni jinsi jambo hilo lilivyoingia katika mji wa wanywa bia, na yaliyotokea baada ya hapo, ambayo mengine yalitugusa sisi Waafrika kuliko tunavyodhani.

Mkahawa wa kwanza wa London hutajwa kuwa ulifunguliwa mwaka 1652, katika uchochoro wa St Michael's Alley, eneo la Cornhill, karibu na jengo la wafanyabiashara liitwalo Royal Exchange. Mwenyewe aliitwa Pasqua Rosée. Alikuwa mtumishi wa Daniel Edwards, mfanyabiashara aliyekaa Izmir katika dola ya Waturuki, akarudi kwao na mazoea ya kunywa kahawa. Yasimuliwa kwamba rafiki za Edwards walikuwa wakifurika nyumbani kwake kuonja kinywaji hicho hata akachoka nao, ndipo Rosée akawekwa kukiuza nje. Wauza bia wa jirani hawakupendezwa. Walilalamika kwamba Rosée hakuwa na haki ya raia wa mji, kwa hiyo hakustahili kufanya biashara ndani ya mipaka yake. Dawa ikawa kumtia katika ushirika Mwingereza mmoja, Christopher Bowman, aliyepatiwa haki hiyo. Kwa hiyo mwanzilishi wa desturi ambayo Waingereza walikuja kujivunia sana alikuwa mgeni aliyehitaji jina la mwenyeji ili apate kuuza.

Kufikia mwaka 1663 mikahawa ya eneo la kati la mji ilikwisha kuwa 82. Moto mkuu wa mwaka 1666 uliteketeza mingi, lakini ilijengwa upya na kuongezeka, na mwaka 1739 William Maitland aliihesabu ikafika 551. Kila mmoja ulikuwa na mwenyewe aliyeusimamia, pengine mjane aliyerithi kazi ya mumewe. Haikuwapo kampuni yenye matawi kila mtaa, yenye kikombe kimoja na rangi moja ya ukuta. Wala nyumba hazikuwa na namba; zilitambulishwa kwa vibao vya picha vilivyoning'inizwa mlangoni, na kichwa cha Mturuki kilikuwa picha iliyopendwa sana.

Sasa mgeni atachaguaje? Kwa kuonja asingefika mbali. Tangu mwaka 1660 serikali ilitoza ushuru kwa kila galoni ya kahawa iliyokwisha pikwa, si kwa buni. Ili mtoza ushuru apate kuipima, kahawa ilipikwa kwa wingi, ikatiwa katika pipa, kisha ikapashwa moto kidogo kidogo kadiri wateja walivyoingia. Ushuru wa namna hiyo uliendelea hadi mwaka 1689. Sisi tunaojua harufu ya buni zikikaangwa jikoni twaweza kukisia ladha ya kahawa iliyolala pipani. Mtu aliyetafuta mkahawa bora kwa ulimi wake angerudi nyumbani na kiu.

Alichotafuta ni watu. Aliyetaka bei za hisa alikwenda Jonathan's, ambako tangu mwaka 1698 John Castaing alitoa orodha ya bei zilizochapishwa. Aliyetaka habari za meli alikwenda kwa Edward Lloyd, kwanza Tower Street, kisha Lombard Street kuanzia mwaka 1691. Wenye elimu walikutana Grecian. Wapenzi wa ushairi walikwenda Will's, karibu na Covent Garden, ambako mshairi John Dryden alikuwa na kiti chake, karibu na moto wakati wa baridi na kwenye roshani wakati wa joto. Mwanasayansi Robert Hooke aliandika shajara katika miaka ya 1670, na humo mnatajwa makumi ya mikahawa aliyoingia, pengine kadhaa kwa siku moja. Hatudhani alikuwa na kiu kiasi hicho.

Mwaka 1709 Richard Steele alipoanzisha gazeti la The Tatler alizigawa habari zake kwa mikahawa: mambo ya anasa na mapenzi yaliandikwa kana kwamba yatoka White's, ushairi Will's, elimu Grecian, na habari za ndani na za nchi za nje St James's. Msomaji wa shamba ambaye hajafika London aliweza kwa gazeti hilo kuujua mji mlango kwa mlango. Miaka michache baadaye, katika mkahawa wa Button's, paliwekwa kichwa cha simba chenye kinywa wazi, na mtu yeyote aliweza kutia humo barua yake kwa gazeti. Kama tungekuwa na simba wa namna hiyo kwa jarida letu, pengine mhariri asingelalamika kila mara kwamba walimu hawaandiki!

Bei ya kuingia ilikuwa peni moja. Kwa peni hiyo mtu alipata moto, meza ndefu, magazeti, na haki ya kukaa karibu na yeyote aliyemkuta, awe mwenye cheo au fundi wa viatu. Ndiyo sababu mikahawa ilipewa lakabu ya vyuo vikuu vya peni moja. Jambo hili halikumfurahisha Mfalme Charles wa Pili. Tarehe 29 Desemba 1675 alitoa tangazo kwamba mikahawa yote ifungwe ifikapo tarehe 10 Januari 1676, kwa kuwa humo husemwa uongo na kashfa juu ya serikali. Wenye mikahawa walilia hasara, wateja wakanung'unika, na hata miongoni mwa watu wa mfalme walikuwamo waliokuwa na meza zao huko. Tarehe 8 Januari, siku mbili kabla ya muda kufika, tangazo likaondolewa. Hapakupigwa risasi wala kujengwa kizuizi njiani. Wenye nyumba na wanywaji walikataa kunyamaza, na mfalme akarudi nyuma kwa siku kumi.

Hata hivyo tusiipake sukari habari hii kupita kiasi. Mlango uliokuwa wazi kwa fundi wa viatu haukuwa wazi kwa kila mtu. Mwanamke aliweza kuumiliki mkahawa na kumimina kahawa yake, lakini aghalabu hakuketi mezani kubishana. Na sukari yenyewe iliyotiwa kikombeni ilitoka katika mashamba ya visiwa vya Karibiani, yaliyolimwa na Waafrika watumwa. Katika magazeti yaliyosomwa juu ya meza hizo za uhuru yalichapishwa matangazo ya watumwa waliotoroka pale pale Uingereza: umri, nguo, makovu, na zawadi kwa atakayemrudisha, naye apelekwe katika mkahawa fulani. Kwa Mwafrika huyo mkahawa ulikuwa mahali pa kukabidhiwa tena kwa bwana wake. Kwa Lloyd palikatwa bima za meli, pamoja na zile zilizobeba watumwa. Soko la bima lililozaliwa katika mkahawa ule liliomba radhi mwaka 2020 kwa sehemu yake katika biashara hiyo.

Mikahawa hii haikufa kwa amri. Mingi ilijifunga yenyewe. White's, ulioanzishwa mwaka 1693 kwa ajili ya kuuza chokoleti, uligeuka kuwa klabu ya mabwana wateule. Watu wa bima waliutoka mkahawa wao wa zamani mwaka 1769 wakaanzisha wao mpya, na mwaka 1774 wakahamia vyumba vya Royal Exchange. Hadi leo watumishi wenye mavazi rasmi katika soko la Lloyd's huitwa kwa jina lile lile la wahudumu wa meza, ingawa hawabebi kahawa. Madalali wa hisa nao walijenga jengo lao mwaka 1773, wakaliita New Jonathan's, kisha wakabadili jina likawa Soko la Hisa. Kiingilio kilikuwa peni sita kwa siku. Majumbani nako chai ilizidi kuenea, ikiletwa na meli za Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, na mtu hakuhitaji kutoka nje kwa ajili ya kikombe.

Mgeni wa leo akienda St Michael's Alley ataona kibao ukutani kinachoeleza kwamba hapo ndipo uliposimama mkahawa wa kwanza wa London, mwaka 1652, kwenye alama ya kichwa cha Pasqua Rosée. Baada ya Rosée palikuwapo katika uchochoro huo huo mkahawa ulioitwa Jamaica, uliokusanya wafanyabiashara na manahodha wa visiwa vile vya sukari. Jengo lililopo sasa lilijengwa upya katika karne ya 19. Jina la Jamaica bado limo juu ya mlango, lakini ndani wanauza divai na bia.