Kamari ya Pembe: Tabora na Elimu ya Kujua Mwisho

Njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo ilipanda milima ya Usagara, ikavuka nyika kavu za Ugogo, ikafika Unyanyembe baada ya mwendo wa miezi mitatu hivi. Hapo Tabora, mahali palipojulikana zamani kwa jina la Kaze, njia iligawanyika. Moja ilikwenda Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ya pili Karagwe na Buganda, na ya tatu Ufipa na Itabwa. Katika karne ya kumi na tisa maelfu ya watu walipita hapo na vitambaa, ushanga na baruti, wakarudi na pembe za ndovu pamoja na watumwa. Habari za kwenda kwao hujulikana zaidi kuliko habari za kurudi kwao. Wengi waliokwisha pata mali ya kuwatosha umri wao wote hawakuifikisha nyumbani, na mwenye kuichungua sababu yake hujikuta mbele ya swali la kila mcheza kamari: ni wakati gani mtu aseme, Basi, imetosha?

Mfano wa kamari si wa kubuni. Richard Burton, aliyefika Kaze pamoja na John Speke mwezi wa Novemba 1857, alisimulia kwamba Wanyamwezi walipenda mchezo wa kurusha vipande vidogo na kukisia upande utakaolala juu, akadai kuwa aliyefilisika katika mchezo huo aliweza kumweka dau hata mama yake mzee. Burton alikuwa mtu wa kutia chumvi katika habari za wenyeji, na dai hilo halifai kupokewa bila ya kupimwa. Lakini aliyesema hayo alikuwa amekaa Kaze chini ya ulinzi na ukarimu wa Snay bin Amir el-Harthi, mfanyabiashara ambaye dau lake lilikuwa kubwa mara nyingi kuliko la mpagazi yeyote. Na huyo Burton alimsifu kwa elimu na utajiri wake, wala hakumhesabu miongoni mwa wacheza kamari.

Hata hivyo biashara ya pembe ilikuwa na kila alama ya kamari. Mwenye msafara aghalabu hakutumia mali yake mwenyewe. Alikopa merikani, kaniki, ushanga na bunduki kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, kama Taria Topan, akaahidi kulipa kwa pembe baada ya miaka miwili au mitatu, naye mkopeshaji alipandisha bei kwa kadiri ya hatari aliyoiona. Njiani alilipa hongo kwa watemi. Ndui iliweza kuwaua wapagazi wake, njaa iliweza kuwatawanya, na vita viliweza kuifunga njia kwa mwaka mzima. Akifika bara, pembe alizotazamia huenda zimekwisha nunuliwa na waliotangulia. Akizipata, bei yake Unguja huenda imeshuka kabla hajarudi. Kwa hiyo pembe iliyolala ghalani Tabora ilikuwa bado haijawa faida. Ilikuwa ahadi ya faida, na ilipata thamani yake siku ilipopimwa Unguja, deni likatolewa, na salio likaonekana.

Katika miaka hiyo hiyo watu wa Ulaya walikuwa wakikusanyika katika majumba ya kamari ya Wiesbaden na Monte Carlo. Fyodor Dostoevsky, mwandishi wa Urusi, alipoteza fedha zake zote Wiesbaden mnamo 1865, na mwaka uliofuata akaandika riwaya juu ya mtu aliyenaswa na mchezo huo. Mchezaji wa Wiesbaden alikuwa na nafuu moja: aliweza kuzihesabu fedha zake mezani wakati wowote, akainuka, akatoka mlangoni. Mchezaji wa Tabora alikuwa na mlango ulio mbali mwendo wa miezi mitatu. Ili atoke salama ilimpasa aanze kutoka mapema, wakati bado ana nguo za kulipia hongo, ana wapagazi wa kuchukua mizigo, na njia bado ina amani. Aliyengoja mpaka hatari ionekane kwa macho alikuwa amekwisha chelewa.

Snay bin Amir alikuwa mfano wa aliyechelewa. Alianza maisha yake Maskati akiuza halua, akapanda daraja hata akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa bara. Burton alimkuta ameacha kusafiri kwa ajili ya afya yake, amekuwa wakili wa wenziwe hapo Kaze, ana nyumba nzuri na maghala yaliyojaa. Kwa hesabu ya kibiashara huyo alikuwa amekwisha shinda. Kilichobaki ni kuteremka pwani. Hakuteremka. Mnamo 1860 hivi kukatokea ugomvi kati ya Waarabu wa Unyanyembe na mtemi Manwa Sera, aliyemrithi Fundikira. Mtemi alitaka ushuru wa bidhaa zinazoingia katika nchi yake, jambo ambalo mtawala yeyote ana haki ya kulitaka. Wafanyabiashara wakakataa, wakamwondoa, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Manwa Sera akaingia msituni akapigana nao mpaka alipouawa mnamo 1865. Snay hakukiona kikomo hicho. Aliuawa vitani mwaka 1861, na Speke anasimulia kwamba wenzake walipokimbia, uzee ulimzuia kukimbia nao.

Hesabu ya vita hivyo inafaa kuangaliwa vema. Ushuru uliotakwa ulikuwa sehemu tu ya faida. Vita vilivyofanywa ili kuikwepa sehemu hiyo vilifunga njia, vikala baruti, vikaua watu, na vikazuia pembe kufika pwani kwa misimu kadhaa. Wafanyabiashara walifanya kama afanyavyo mchezaji aliyepoteza kidogo, akaweka dau kubwa ili arudishiwe kile kidogo. Wala hawakujifunza. Mnamo 1871 waliingia vitani tena, safari hii na Mirambo wa Urambo, na katika mwezi wa Agosti Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wao, akauawa karibu na Tabora yenyewe.

Walikuwako pia waliobaki kwa sababu nyingine, nayo ni deni. Mtu aliyekopa nguo Unguja akarudi Tabora na pembe zisizotosha kulipa aliona aibu na hofu kuteremka. Alijiambia kwamba safari moja zaidi, mbele kidogo ya Ujiji au katika Manyema, italipa yote. Akaenda, akapata kidogo, deni likaongezeka, akaenda mbele zaidi. Hivyo wengine walizeekea bara, wakajenga tembe, wakapanda miembe, wakaoa, wakazikwa. Pwani waliitwa matajiri wa bara, na vitabu vya wakopeshaji viliendelea kuwataja kama wadeni. Tamaa iliyowapeleka ilikuwa ya kupata. Tamaa iliyowazuia kurudi ilikuwa ya kufidia, na hiyo ya pili ndiyo iliyo ngumu zaidi kuiponya.

Mmoja aliyeijua njia hii kuliko wengi alikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa na makao Ituru karibu na Tabora, akaoa Karunde binti wa mtemi Fundikira. Kwa hiyo kijana alijifunza biashara mahali pale pale ambapo watu walikuwa wakiipoteza. Mnamo 1867 alimpiga Nsama wa Itabwa, na kwa maelezo yake mwenyewe alipata humo frasila 1950 za pembe. Na frasila moja ni kama ratili 35. Mtu mwingine angelijenga nyumba hapo hapo akaanza kujisifu. Yeye alizirudisha pembe Unguja, akalipa, akakopa tena zaidi. Safari yake iliyofuata ilidumu miaka kumi na miwili, na aliporudi mnamo 1882 akipita Tabora, alipendelea kupeana zawadi na Mirambo kuliko kupigana naye. Kila mara alichukua mali kutoka bara, mahali pa hatari, akaiweka Unguja kwa sura ya mashamba ya karafuu na nyumba. Hiyo ndiyo maana halisi ya kuilinda faida: kuihamisha mahali ambapo mchezo wenyewe haufiki.

Siku iliyokuwa ngumu kwake zaidi ilikuja mnamo 1886. Alirudi Unguja akitumaini kwamba Seyyid Barghash atamsaidia kuishika Manyema na nchi za Kongo. Mwaka huo Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimekwisha kubaliana kumwachia Sultani ukanda mwembamba tu wa pwani ya bara. Barghash akamwambia kwa uwazi kwamba hana tena haja ya bara, kwa kuwa hata Unguja yenyewe anaogopa kunyang'anywa. Tippu Tip alikiri baadaye kuwa aliposikia hayo alijua mambo yao yamekwisha. Mchezaji hodari hutazama karata zake. Aliye hodari zaidi humtazama mwenye nyumba. Tippu Tip aliona kwamba mwenye nyumba amebadilika, na kwamba sheria za mchezo zitabadilika pamoja naye.

Hata hivyo hakuacha mara moja. Mnamo 1887 alikubali kuwa wali wa Mfalme Leopold huko Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, akakaa huko miaka mitatu. Kilichomtoa mnamo 1890 hakikuwa busara peke yake. Henry Stanley alikuwa amemfungulia mashtaka Unguja akidai fidia ya pauni 10,000, ikampasa aje ajibu. Alifika Unguja Julai 1891, na bara hakurudi tena. Mwaka uliofuata vita vikazuka kati ya Dola ya Kongo na Waarabu. Nyangwe ilianguka Machi 1893 na Kasongo mwezi uliofuata. Mwanawe Sefu akauawa Oktoba ya mwaka huo huo. Na Januari 1894 Rumaliza, mshirika wake wa zamani, akashindwa akakimbilia mashariki. Pembe na bidhaa zilizokuwa Kasongo zikaingia mikononi mwa washindi. Baba aliweza kuiokoa mali aliyokuwa ameitanguliza Unguja, lakini hakuweza kumtoa mwanawe mchezoni. Sefu alikuwa amerithi kiti cha mchezaji bila ya kurithi jicho la kuutambua mwisho.

Inapasa kuuliza pia faida hiyo iliyolindwa ilikuwa ya nani. Mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa, na pembe zilichukuliwa pamoja na watu waliotekwa vijijini mwao. Katika kamari ya kawaida mchezaji huweka dau la fedha zake. Katika kamari ya pembe dau kubwa lilikuwa maisha ya watu ambao hawakuulizwa kama wanataka kucheza. Nsama alipoteza, Manwa Sera alipoteza, na vijiji vya Manyema ambavyo majina yake hayakuandikwa vilipoteza zaidi. Amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria katika Unguja na Pemba iliwakumbusha wenye mashamba kwamba mali iliyojengwa juu ya watu haina ghala lililo salama. Tippu Tip aliishi mpaka 1905, akaandika maisha yake kwa Kiswahili fasaha, nayo yakachapishwa Ujerumani na Heinrich Brode mnamo 1902 na 1903. Katika kitabu hicho pembe zimehesabiwa kwa frasila. Waliozibeba hawakuhesabiwa kwa uangalifu kama huo.

Nao waliozibeba walikuwa na elimu yao. Mpagazi wa Kinyamwezi, yule aliyekuwa huru na mwenye ujira, aliondoka kwao baada ya mavuno, wakati wa kiangazi. Alichukua mzigo wa ratili sitini au sabini, na mara nyingine pembe ndogo yake mwenyewe ya kuuza pwani. Alipopata nguo zake alirudi, akazigeuza kuwa ng'ombe, na mvua za Novemba zilipokaribia alitaka awe shambani. Wenye misafara walilalamika sana juu ya tabia hii. Waliwaita wapagazi watoro na wavivu, kwa sababu msafara uliokawia mpaka msimu wa kulima uliweza kuamka asubuhi ukakuta mizigo imelala chini bila ya watu. Wako wapagazi waliofia njiani, na wako waliozoea safari hata wakasahau jembe. Lakini kwa walio wengi kikomo kilikuwa kimewekwa kabla ya safari kuanza, na aliyekiweka hakuwa bahati wala hasara ya jana. Ilikuwa ni mvua.

Tofauti ya watu hawa ilikuwa hapo. Snay alingoja afya na amani zimwambie basi, na havikumwambia. Mdeni alingoja deni limwambie, nalo likamtuma mbele. Tippu Tip alilisoma neno hilo usoni mwa Sultani, na hata hivyo alilitii miaka minne baadaye. Mpagazi hakuhitaji kulisoma mahali popote katika safari, kwa kuwa aliondoka nalo nyumbani. Reli ilipofika Tabora mnamo 1912, biashara kubwa ya pembe ilikuwa imekwisha, na wengi wa waliojenga tembe walikuwa makaburini. Wajukuu wa wapagazi walikuwa wakilima.